Mwalimu na Diski Zake Tatu

Mwalimu hakuamini kitu kilichoko kimoja. Ukimwonyesha kuku wako anayetaga vizuri, atamtazama kuku, atakutazama wewe, kisha aulize, "Wako wangapi?" Ukimpelekea cheti cha ubatizo cha mjukuu akusomee, ataangalia mhuri, atakirudisha, aulize, "Viko vingapi?" Hata siku tuliyomzika mzee mmoja wa kule juu ya kanisa, watu wanapita mbele ya jeneza wanalia, yeye alisimama mbele ya picha ya marehemu iliyoegemezwa kwenye maua, akamwinamia mjane na kumwuliza kwa sauti ndogo. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia.

"Picha hii ziko ngapi?"

Nikamvuta sweta. "Mwalimu, huu ni msiba."

"Ndiyo maana nauliza," akasema, akasonga mbele.

Niseme mapema, asiyenijua asihangaike kunichunguza: nilimwonea wivu Mwalimu, mwanamke mwenzangu. Si kidogo, wala si kwa siku mbili. Tulikaa jirani hapa Myamba zaidi ya miaka thelathini, kati yetu mstari wa masale, majani ya kupandia mpaka, na migomba saba, minne yangu, mitatu yake. Ile yake mitatu ilizaa kuliko yangu minne. Mimi namzidi umri, lakini watoto wakitukuta njiani tumefuatana, shikamoo ya kwanza ilikwenda kwake. Mimi nilipata iliyobaki.

Alikotoka na ukoo wake siandiki. Wanaomjua wanajua. Mimi naandika niliyoyaona kutoka upande wangu wa masale.

Alikuwa mrefu, mwembamba, ana sweta moja la kahawia alilovaa jua na mvua, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kalamu aliichomeka kwenye nywele, chini ya kitambaa, akaisahau hapo na kuitafuta nyumba nzima. Wanangu wote aliwafundisha, na wote aliwachapa, na leo wote wanamsifu. Mimi nilifika darasa la nne, nikatolewa kulea wadogo zangu. Basi nilipomwona ameinama kwenye daftari, kalamu inakwenda yenyewe kama maji mferejini, nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Sikumwambia. Ningemwambia nini?

Alipostaafu, wenzake walifuga nguruwe. Yeye alifuga laptopu. Alikuwa nazo mbili. Nyeusi ilikuwa ya kanisa, kwa sababu yeye ndiye aliyekubali kuandika humo ubatizo, ndoa na vifo vyote vilivyokuwa kwenye vitabu vya zamani vilivyoanza kupukutika. Ya kijivu ilikuwa yake mwenyewe, aliletewa na bintiye anayekaa Same mjini, na humo alitia maneno ya wazee: mipaka ya mashamba, majina ya mifereji, nani alimwoa nani, Kipare cha zamani ambacho watoto wa siku hizi hawakisikii. Ile nyeusi ilikuwa nzito kuamka. Alikuwa anaiwasha, anakwenda kuchuma mboga, anarudi ndiyo kwanza inajinyoosha.

Na juu ya laptopu mbili akawa na diski tatu. Diski yenyewe ni kidude cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kina waya mfupi. Tatu zote nyeusi, zinafanana kama mbegu, basi alizifunga nyuzi za sufu: moja nyekundu, moja nyeupe, moja ya buluu. Ijumaa, baada ya kula, aliketi barazani na diski ya zamu yake. Alianza na laptopu nyeusi, akamaliza, akaja kwenye ya kijivu. Kataa, taa ndogo kama punje, kaliwaka kwenye diski, kanapepesa, na muda wote kanapopepesa Mwalimu hakutaka kuongeleshwa. Umeme ukikatika, alikaa hapo hapo, mikono mapajani, akiungoja kama anavyongojwa mgonjwa azinduke. Mtu akikaribia waya alipiga kelele, "Usichomoe! Haijaniaga!"

Akimaliza kunakili, alionja. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kuonja. Alifungua kitu kimoja humo ndani, chochote kile, kuona kama kimeingia kizima. "Hupiki sungura ukampa mgeni hujaonja chumvi," alimwambia mchungaji siku moja, na mchungaji, ambaye hata hali sungura, akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikisema kitu mchungaji huwa anatikisa kichwa na kuangalia saa.

Kila mwisho wa mwezi diski zilihama. Iliyokuwa kwake ilishuka Maore kwenye bonde, kwa mama mmoja mkulima wa mpunga waliyefahamiana kwenye umoja wa wanawake. Iliyokuwa Maore ilikwenda Same kwa binti. Ya Same ilipanda huku. Mwezi unaofuata zilisogea tena. Mwalimu mwenyewe alizibeba, amezifunga taulo, chini ya kapu, juu kaweka ndizi, ili mtu aone ndizi.

Yule mama wa Maore alinitia homa. Kila mkutano wa umoja alisimama, ana kitenge kipya, akasema, "Mimi kidogo nitatoka mapema, nina jukumu la Mwalimu nyumbani." Jukumu! Kidude kimekaa kwenye debe la mchele hakili wala hakinywi. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikavuka masale.

"Mwalimu, nyumba yangu haina mlango?"

"Inao."

"Haina kufuli?"

"Inalo, na ni zuri kuliko langu."

"Basi kwa nini diski zako zinashuka mpaka Maore, na mimi niko hapa, nikikohoa unanisikia?"

Akavua miwani, akaifuta kwenye sweta. "Kwa sababu uko karibu, Mama Nuru."

"Ujirani siku hizi ni kosa?"

"Mlima ukishuka na mvua, utatuchukua mimi na wewe pamoja. Wa Maore hautawafikia. Moto ukiwaka kwangu na upepo ukawa huu wa jioni, kwako hausimami. Nataka iwe mbali na ubaya wangu."

Maneno yalikuwa na akili. Leo nayaona. Siku ile nilichosikia ni kwamba sifai, nikarudi kwangu na nikalipiga teke beseni lisilo na kosa.

Lakini kilichoniuma hasa hakikuwa kidude. Kilikuwa mume wangu.

Baba Nuru alikuwa msimamizi wa ndiva yetu. Asiyeijua ndiva, ni bwawa letu la udongo la kukinga maji: usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mferejini kwa zamu, leo ya hawa, kesho ya wale. Zamu zote zilikuwa kwenye daftari la kamati. Mwalimu aliwahi kuwaambia kwenye mkutano, "Daftari la maji liko moja?" Wakasema moja. "Basi halipo," akasema, akaketi. Watu wakaguna. Haukupita mwaka mchwa wakalila daftari kutoka chini, likabaki jalada, na kesho yake watu wa juu na watu wa bondeni walikutana kwenye mlango wa ndiva na majembe mkononi, na hawakuja kulima. Baba Nuru alisimama katikati yao akasema neno lake moja, "Zamu haivukwi," akazitaja zamu zote kwa kichwa mpaka wakashusha majembe.

Hapo ndipo Mwalimu alipomwomba aende kila Alhamisi jioni, amwelezee, aingize sauti yake kwenye laptopu ya kijivu.

Mume wangu nyumbani alisema maneno manane kwa siku. Niliyahesabu. "Maji ya kunawa." "Kuna mvua." "Mbuzi kala." Nimeishi naye hivyo tangu ujana, nikajua ndivyo alivyoumbwa. Basi nikaja kumsikia huko barazani kwa Mwalimu, anaongea! Saa nzima anaongea, chai inapoa, anaongea. Na anacheka. Sikuwa najua kicheko chake kinapanda juu vile mwishoni. Nilipita na mzigo wa kuni mara mbili, mara tatu, bila kuni kuhitajika. Na hata wakiwa huko starehe hawakuniacha: Baba Nuru alinipigia kelele kupitia migomba, aniulize jambo la maji, nami namjibu kwa hasira huku mikono ina unga, kisha nawasikia wote wawili wanacheka. Nilijua wananicheka mimi. Alhamisi nyingi zilikwenda hivyo, msimu mzima wa maharage na nusu ya mwingine.

Akirudi nauliza, "Mmeongea nini?"

"Maji," anasema.

Niwe mkweli, Mwalimu hakuwa mtu wa kutia shaka kwa mambo yale mengine. Ningeona. Wivu wangu haukuwa wa kitandani, ulikuwa wa maneno. Mimi nilipewa manane, yeye akapewa mto mzima.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Kwake kila kitu cha watu kilikuwa na nakala tatu, cha kwake mwenyewe kimoja kimoja. Sweta moja. Miwani moja. Sufuria ya chai moja, aliyoiunguza kila wiki kwa sababu kataa ka diski kalikuwa kanapepesa. Na ufunguo mmoja. Siku moja mlango ulijifunga na upepo, ufunguo ndani, nikamwona kutoka kwangu anazunguka nyumba. Nikavuta kigoda nikakaa kutazama. Mtu mzima yule, mwalimu wa watu, akakunja gauni, akapanda kwenye dirisha la jikoni, nusu ndani nusu nje, miguu inaning'inia.

Nikasogea taratibu. "Mwalimu, funguo ziko ngapi?"

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, "Mmoja. Ukimaliza kucheka nisukume miguu."

Nilimsukuma. Ilikuwa moja ya siku nzuri za maisha yangu.

Alikuwa pia bahili wa chumvi. Ukimwomba chumvi alikupimia kwa kijiko na kukisawazisha kwa kidole. Lakini binti yeyote wa kidato aliyetaka kujifunza kuchapa alikalishwa mbele ya ile laptopu ya kijivu, yenye sauti za wazee wote, akaachwa nayo peke yake. "Akiharibu?" nilimwuliza. "Ziko tatu," akasema, akaenda kupalilia. Chumvi ilikuwa moja, labda ndiyo sababu.

Baba Nuru alifariki kwa kifua, wakati wa baridi. Mwalimu alikaa na mimi jikoni siku zote za msiba, akaosha vyombo, hakuuliza chochote kiko kingapi. Kwa hilo namshukuru.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Niko jikoni nachambua makande, nasikia mume wangu anakohoa.

Kile kikohozi cha kuanzia, kabla ya kusema. Kisha sauti yake, wazi kabisa, kutoka kwenye masale: "Mfereji wa juu ulichimbwa kabla ya..." Ikakatika. Mahindi yakanimwagika. Alikuwa Mwalimu, barazani kwake, anaonja. Chochote kile kilichokuja chini ya kidole chake, siku hiyo alikuja mume wangu.

Ikawa kila Ijumaa naketi upande ule wa nyumba. Mara nyingi alikuwa mtu mwingine, bibi fulani anaimba, mzee fulani anataja mipaka. Mara mbili tatu akawa yeye, neno moja, mawili, kisha kimya. Baadaye Mwalimu akawa anapunguza sauti, sikusikia tena kitu. Labda alinihurumia. Mimi nilisema, ananificha. Mwanamke ana mume wangu kwenye sanduku, anamfungua Ijumaa na kumfunga, na mimi mwenye pete nasikiliza ukutani kama mwizi.

Ningekwenda kumwomba. Hatua ishirini. Sikwenda. Kumwomba ingekuwa kusema kwa mdomo wangu kwamba anacho ambacho sina.

Na tena nilikuwa naelewa vibaya, hili nilikuja kulijua mwisho. Mimi ni mtu wa ndiva. Maji yakifunguliwa yakaenda kwa mmoja, kwa mwingine hayapo, na bwawa linabaki tope. Nilidhani na haya ni hivyo hivyo: analolitia kwenye diski limetoka kwenye laptopu, na kila diski ina vyake, kama vihenge vitatu. Hakuna aliyeniambia hivyo na hakuna niliyemwuliza.

Mwaka uliofuata yule mama wa Maore alikwenda upande wa Kwakoa kumtunza mwanawe aliyejifungua. Asubuhi Mwalimu akavuka masale, ameshika taulo kwa mikono miwili.

"Mama Nuru, nimeishiwa mahali. Mwezi mmoja tu, nisije nikakunyima tena ukanitukana." Akafunua. Ilikuwa ya uzi wa buluu. Akanitazama machoni, akasema polepole, "Humu yumo mzee wako. Mtunze."

Sikutulia mchana ule nikifikiri nimweke wapi. Kwenye sanduku la nguo kuna panya. Kabati lina mchwa, na mchwa tunawajua. Nyumba yangu ina mahali pamoja tu ambapo mdudu haendi, na ndipo mama yangu alipoweka kila cha thamani, na mama yake: darini, juu ya jiko la kuni. Hapo ndipo mahindi ya mbegu yananing'inia na maganda yake, na maharage ya mbegu kwenye kibuyu. Moshi unapita kutwa, kitu kinakauka vizuri, hakiguswi na kidudu. Mbegu ikitoka darini inaota hata miaka mitatu baadaye. Nikamweka hapo katikati, kwenye taulo lake, mbegu huku na mbegu huku.

Mwezi ule sikumwonea wivu mtu. Nilipika chini yake asubuhi na jioni. Nilimwambia habari: mbuzi kazaa, watu wa juu wameanza tena ubishi, Nuru kapiga simu. Nilichochea kuni nyingi kuliko mahitaji, nikitaka kukae kukavu.

Mwisho wa mwezi nikamshusha. Taulo lilikuwa limegeuka rangi ya chai, diski ina mafuta ya masizi, inanata. Nikaipangusa kwa kanga, nikavuka masale. Mwalimu akachomeka waya. Kataa hakakuwaka. Ndani kukawa na mlio, tik, tik, tik, kama mjusi ukutani.

"Uliiweka wapi?"

"Darini. Na mbegu."

Mwalimu aliitazama ile diski, kisha akanitazama mimi, mdomo ukafunguka aseme kitu. Sikungoja. Nilijua la kusemwa ni nini: nimemuua mara ya pili, na safari hii kwa moto wangu mwenyewe. Niligeuka nikaondoka, ndala moja ikabaki kwake, sikuifuata.

Alikuja siku ya pili na sufuria ya makande. Nikamtuma mjukuu wangu akaseme bibi yuko shamba. Alikuja tena wiki iliyofuata, nikafanya vile vile, na shamba ninalolima linaonekana kutoka barazani kwake, hakuna mtu. Nikimwona njiani nilipita ya juu. Ijumaa nilikwenda mbali na nyumba. Mikono yake ikaanza kutetemeka mwaka huo, nilisikia kwa watu. Bintiye akapanda na gari kumchukua akakae naye Same. Walipokuwa wanafunga mizigo Mwalimu alisimama kwenye masale akaita, "Mama Nuru! Mama Nuru!" Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika ungo, sitikisiki. Akaita mara ya tatu, kisha nikasikia gari linashuka.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka jana macho yalinisumbua, nikashuka Same hospitali. Natoka, jua linachoma vile wanavyolijua wa Same, nasikia, "Shikamoo mama." Ni binti wa Mwalimu.

"Marahaba."

"Mama amesema nikikuona mjini, nikushike mkono nisikuachie."

"Nina basi."

"Amesema utasema una basi."

Mwalimu alikuwa amekaa uani chini ya mwarobaini, ana lile sweta, kwenye joto lile. Amepungua. Mikono mapajani inacheza yenyewe kama kuku aliyechinjwa. Laptopu mbili ziko mezani mbele yake.

"Makande yalipoa," akasema.

Nikakaa. Nikaangalia vidole vyangu, nikasema yote kwa pamoja, kama mtu anayetapika. "Mwalimu, nisamehe. Nilimchoma Baba Nuru. Sauti yake nimeimaliza kwa moshi."

Nikaona uso wake unabadilika.

"Miaka mitatu umekaa na hilo?"

"Nimekaa nalo."

"Mama Nuru. Ziko ngapi?"

"Nini?"

"Diski zangu. Ziko ngapi? Miaka yote ile nasafiri na kapu mpaka magoti yanalia, ulidhani natembeza nini?"

"Vitu mbalimbali."

"Ni kitu kile kile!" Alipiga meza kwa mkono unaotetemeka. "Kile kile, mara tatu, na kwenye laptopu pia kipo. Hayo si maji, mama, kwamba akinywa huyu yule anakosa. Ni kama kaa la moto unaloniomba asubuhi: unakwenda nalo kwako, na jikoni kwangu moto bado unawaka. Ungengoja nimalize kufungua mdomo!" Akavuta pumzi. "Chukua ile ya uzi mweupe. Chomeka wewe, mimi waya unanikwepa."

Nilichomeka. Mara ya kwanza niliugeuza waya chini juu, akanigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Kataa kakawaka. Binti akasogea akabonyeza alipoambiwa abonyeze.

Kikohozi kwanza.

Kisha, "Imeshaanza?"

"Imeshaanza, Baba Nuru," sauti ya Mwalimu, ya wakati ule, yenye nguvu. "Tulifika Jumanne. Jumanne maji ni ya nani?"

Kiti kinalia. Halafu mume wangu anapaza sauti, mbali na mashine, "Mama Nuru wee! Jumanne maji ya nani?"

Na kutoka mbali sana, kama mtu aliye ndani ya mtungi, mwanamke mkali: "Ya watu wa bondeni mpaka saa sita, halafu kwa mjane wa mferejini! Na mbuzi wako kaingia kwenye maharage!"

Hapo ndipo wanapocheka. Kicheko chake kinapanda juu mwishoni. Kisha anasema, chini, kwa huyu aliye karibu: "Umesikia? Andika hivyo hivyo. Mimi nimeshika jembe la kufungulia tu, zamu anazo yule. Siku ile ya majembe watu wananisifu, nanyamaza, maana jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwuliza jikoni moja moja, akanitajia zote huku anamenya ndizi. Naona aibu kumwambia. Ataniuliza nimekula nini."

Sikulia. Nilikasirika. "Maneno haya yalikuwa yangu," nikamwambia Mwalimu. "Wewe umekaa nayo."

"Nilikuletea mara mbili, na sufuria."

"Angenipa mimi. Jikoni. Manane tu yangetosha."

"Angekupa," akakubali. Akatazama mikono yake. "Na mimi unadhani ilikuwa raha? Sina mume, nimekaa Alhamisi mpaka Alhamisi nasikiliza mwanamume anamsifu mke wa jirani, na jirani mwenyewe anapita na kuni ananikazia macho. Nilikuonea wivu, Mama Nuru, mpaka chumvi nikawa nakupimia."

Tulitazamana. Binti yake aliingia ndani, nadhani aliogopa. Sisi tukacheka mpaka Mwalimu akashika meza, na nilimwambia airudishe nyuma ile sauti, akairudisha, na airudishe tena. Basi la Myamba liliniacha.

Asubuhi, nafunga mzigo, akamwita bintiye alete taulo. Ndani kulikuwa na diski mpya, ina uzi wa kijani.

"Mimi sasa niko Same," akasema. "Same joto, wezi, na nyumba ni za kupanga. Nahitaji nyumba iliyo mbali na ubaya wangu. Wewe sasa uko mbali."

"Nimekuwa mbali."

"Umefaa. Usiiweke darini."

"Nitaiweka kwenye koti la Baba Nuru, ndani ya bati la biskuti. Panya hatoboi bati."

Akafikiri. "Bati ni zuri," akasema. Sijawahi kusifiwa naye kabla ya hapo.

Sasa kila mwisho wa mwezi binti anapanda, analeta moja anachukua moja. Nimejifunza kuonja kwenye simu ya Nuru akija, kuna kiwaya chake. Wivu haujaisha, nisidanganye. Namwonea wivu huyu aliyekaa barazani na kuambiwa, na wakati mwingine namwonea wivu yule mwanamke mkali wa mbali, aliyesifiwa hajui, anafukuza mbuzi.

Juzi simu ililia. Mama wa Maore. Salamu ndefu, mpunga, mvua, wajukuu. Kisha akasema amesikia kwamba ile yenye sauti nzuri zaidi ni hii ya kijani iliyo kwangu, na Mwalimu hali yake si nzuri, na yeye amekaa na jukumu miaka mingi kuliko mimi, je, tusingeweza kubadilishana mapema, yeye aishike hii wiki mbili tu?

Nilikuwa jikoni, namenya ndizi. Nikaweka kisu chini.

"Zamu haivukwi," nikamwambia, nikakata simu, nikaenda kuangalia kama bati limefungwa vizuri.